Ndoo Iliyozikwa Matogoro

Ukiambiwa una saratani, watu watakuja kukupa pole kwa lile neno. Kwa kusubiri hakuna atakayekupa pole, na kusubiri ndiko kulikonitesa kuliko kisu na kuliko dripu. Kwa hiyo namwandikia mwanamke aliyekaa kwenye benchi sasa hivi, mkoba mapajani, anautazama mlango wa daktari, na kila mlango ukifunguka anadhani anaitwa yeye. Dada, najua unavyojisikia. Mimi nilikaa hapo tangu maharage yanavunwa mpaka watu wakaanza tena kununua mbegu.

Naitwa Winfrida. Nina duka la pembejeo hapa Msamala, mjini Songea. Nauza mbegu, mbolea na dawa za magugu. Nimezaliwa na wasiwasi wangu. Mume wangu, Osmund, hunitania kwamba nikiona wingu nalia mafuriko na nikiona jua nalia ukame. Alikuwa akinitania hivyo hata siku nilipomwambia, wakati wa palizi, kwamba nimegusa kitu kigumu kwenye titi la kulia nikioga. Akasema, "Mama Thea, na hilo nalo?" Halafu akakigusa mwenyewe. Hakunitania tena.

Walinichoma sindano nyembamba, wakavuta majimaji kidogo, wakasema ni saratani. Kwa majimaji yale wangeweza kujua hilo tu na si zaidi. Titi likaondolewa baada ya Pasaka, mvua zikielekea mwisho.

Siku ya upasuaji walikuja wawili kunisindikiza, Osmund na mama yake, bibi Leokadia, anayekaa Matogoro kwenye shamba lake chini ya msitu wa milimani. Mama mkwe wangu si mtu wa maneno. Watoto wangu wote wawili nilipojifungua, yeye ndiye aliyekaa mlangoni mwa wodi ya wazazi, akapokea kondo la nyuma kwenye beseni, akalifunga kwenye kitambaa na kwenda kulizika kwake. Kwao hiyo ni kazi ya mwanamke mzima wa ukoo, na mwanamume haiulizi. Mimi nilimshukuru mara zote mbili, maana sikupenda kufikiri kitu kilichotoka mwilini mwangu kitupwe shimo la taka.

Nilipozinduka vizuri jioni kutoka usingizi wa dawa nilimkuta ameketi pembeni ya kitanda. Upande wangu wa kulia ulikuwa bapa chini ya bandeji, na nilitazama dari nisiutazame. Niliona kucha zake zina udongo mwekundu. Nikadhani ametoka kuchimba magimbi.

"Pole, mwanangu," alisema. "Yote yamekwenda vizuri. Hata kile kingine nimekishughulikia."

Sikuuliza kingine kipi. Ungekuwa wewe ungeuliza? Nilifumba macho nikalala.

Kidonda kilipona polepole. Mkono wa kulia haukunyanyuka kufika hata kwenye rafu ya chini dukani, na Osmund ndiye aliyenifunga gauni mgongoni kila asubuhi, akiangalia pembeni. Nilichukia aangalie pembeni, na alipoangalia kidonda nilichukia pia. Hayo sikumwambia mtu. Kama na wewe unayo, ujue si kichaa.

Siku ya kurudi kliniki tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Daktari wetu alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, mtu wa kukuangalia usoni. Alifunua kidonda, akaridhika, akanawa mikono, akakaa.

"Majibu ya sampuli mmekuja nayo?"

"Sampuli ipi, daktari?" niliuliza.

"Titi lenyewe. Nesi aliwakabidhi ndugu zako kwenye ndoo ndogo nyeupe yenye dawa. Ilitakiwa ipelekwe Dar, maabara, ikapimwe protini."

Nilimwangalia Osmund. Osmund alijibu haraka, "Mama alipeleka. Mimi nilikuwa nimetumwa famasi, niliporudi hakuwepo, na alipokuja jioni akaniambia ameshaishughulikia."

Neno lile lile nililoambiwa kitandani. Nikakumbuka zile kucha zenye udongo.

Daktari hakuelewa bado. Akaendelea kutueleza, kwa subira, kwa nini anayahitaji majibu. Alisema saratani za titi hazifanani. Nyingine chembe zake zina protini zinazopokea homoni za mwili wako mwenyewe, na kwa hizo inakula na kukua. Nyingine ina protini ya aina tofauti inayoiamrisha kila wakati, kua, kua. Nyingine haina hata moja ya hizo. Akijua zipi zipo, anajua njia ipi ya kuziba. Asipojua, anatoa dawa kwa kubahatisha.

Hilo halikunipa shida kulielewa. Mkulima akija dukani kwangu kuomba dawa ya magugu, namuuliza magugu gani, ya majani mapana au ya nyasi? Maana dawa inayoua yale inayaacha haya yakicheka shambani. Wengine hukasirika, wanaona nawasumbua. Siku ile nilikuwa mimi mteja, na sikujua gugu langu ni lipi.

Tulipanda pikipiki yetu kwenda Matogoro moja kwa moja. Mama mkwe alikuwa kibarazani akichambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mbona jua kali hivi na kidonda kibichi?"

Osmund hakukaa. "Mama, ile ndoo uliyopewa hospitali iko wapi?"

Aliendelea kuchambua. Hakumwangalia mwanawe, aliniangalia mimi. "Hayo siyo ya kuuliza wewe."

"Nauliza, mama. Iko wapi?"

"Nimeizika. Nyuma ya migomba, pale pale nilipozika kondo za watoto wenu. Nesi aliniambia, hiki ni cha mgonjwa wenu, kitunzeni vizuri. Nami nikakitunza, nikakifunga kwenye khanga. Nyama ya mtu haitupwi."

"Ilikuwa ya kupimwa!" Osmund alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Mama, umeniulia mke!"

Ungo ukamponyoka, maharage yakatawanyika kibarazani. Bibi Leokadia hakuyaokota. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Kupimwa nini tena? Si walishasema ni saratani?"

Nilikaa juu ya kinu. Nilikuwa na hasira naye, hasira ya kutaka kumtikisa. Na kusema kweli kuna sehemu yangu ilifurahi. Titi langu lililonyonyesha watoto wawili lilikuwa limefungwa kwenye khanga na kulazwa penye kivuli na mtu anayenipenda. Hisia hizo mbili zilinikaa kwa pamoja na sikujua niishike ipi.

Tulimpigia daktari hapo hapo. Nadhani katika masomo yake yote hakufundishwa jambo hilo. Kisha akauliza kama ndoo ilifunguliwa. Nikamuuliza mama mkwe.

"Sikuifungua," alijibu, kama nimemtusi. "Mtu hafungui kitu kama kile."

Daktari akasema basi kuna tumaini kidogo. Kama mfuniko umeshika na dawa haijamwagika, nyama haijaoza. Ila imekaa mno. Ile dawa hukaza nyama, na ikikaza kupita kiasi protini zinajificha, maabara inaweza isizione hata kama zipo. "Lakini leteni," alisema. "Tusipojaribu hatuna kitu."

Osmund akaenda kuchukua jembe. Mama yake akasimama mbele yake.

"Hapana. Kilichozikwa hakifukuliwi. Kikifukuliwa kinamwita mwenyewe akifuate udongoni."

Alisema hivyo na kuniangalia, machozi yamemjaa. Hakuwa mkaidi, alikuwa anaogopa kama mimi. Osmund akatupa jembe, akawasha pikipiki, tukaondoka bila kuaga.

Zikafuata siku za nyumba iliyonuna. Osmund hakutaka kumpigia mama yake. Mimi nilikaa dukani nikikosea hesabu za wateja. Niliogopa ndoo isipofukuliwa nitatibiwa gizani. Niliogopa pia ikifukuliwa. Nimesoma, naenda kanisani, nauza dawa zenye maandishi ya maabara kwenye chupa, lakini lile neno "kinamwita mwenyewe" lilinikaa kichwani na halikutoka. Usiku nilijipapasa mahali pasipo na kitu, kana kwamba ningeweza kusikia kama naitwa.

Asubuhi moja simu ikaita. Alikuwa mama mkwe.

"Mama Thea, njoo. Njoo peke yako."

Nilichukua bodaboda. Nilimkuta nyuma ya migomba, amevua kandambili, jembe mkononi, khanga ameifunga kiunoni. Alikuwa ametandika mkeka kwa ajili yangu. Akaniambia nikae na nisiseme kitu. Kisha akazungumza, si na mimi, alizungumza na ile ardhi.

"Chapanga, unaniona. Nilichokilaza mimi nakiamsha mimi. Kama kuna wa kuitwa, niitwe mimi. Nimeshakula chumvi nyingi. Huyu ana watoto."

Chapanga ndilo jina la Mungu kwa Kingoni, na mama mkwe hulitumia akiwa hana mchezo. Akapiga jembe la kwanza. Nilitaka kumsaidia, mkono wangu ukakataa. Alichimba taratibu, mwishoni akatupa jembe na kutumia vidole, mpaka ikatokea khanga iliyolowa udongo. Ilikuwa khanga yake ya sikukuu. Akaifungua, akaitoa ndoo, akaisogeza sikioni na kuitikisa kidogo sana.

"Maji yake yapo," alisema.

Nikalia kwa sauti. Yeye hakulia. Aliifuta ile ndoo kwa ncha ya khanga aliyojifunga, kila mahali, kama anavyofutwa mtoto uso.

Osmund hakumwamini mtu tena. Hakutaka kuitia kwenye mizigo ya basi wala kumkabidhi kondakta. Aliipeleka Dar mwenyewe, ameipakata safari nzima, na abiria wa pembeni alipomuuliza kama amebeba asali, akaitikia.

Maabara wakaipokea. Wakasema watajaribu. Kisha wakasema dawa ya kupaka ili protini zionekane imekwisha, wanasubiri nyingine. Daktari wetu akasema hatuwezi kukaa bure, tuanze dripu za jumla, zile zinazopiga kila kinachokua haraka, kibaya na kizuri. Ndipo nikaanza safari za Mbeya, zinakotolewa dripu hizo. Kutwa nzima kwenye basi kwenda, wodi yenye viti vimepangwa ukutani, kutwa nzima kurudi.

Sitakudanganya kuhusu dripu. Ya kwanza nilijiona shujaa. Ya pili, baridi ya Juni ilikuwa imeingia, nywele zilibaki kwenye mto nikawa naziokota moja moja kwa sababu sikutaka Thea azione. Kucha zikawa nyeusi. Chakula chote kikawa na ladha ya sufuria. Kitu pekee kilichopita kooni ni togwa, na mleta togwa alikuwa bibi Leokadia. Alikuja kutoka Matogoro na dumu lake kila niliporudi kutoka Mbeya, akalikabidhi mlangoni, akarudi bila kuingia ndani kwa sababu mwanawe hakumsemesha. Mara ya tatu nilimwambia Osmund, "Kama humsemeshi mama yako, na mimi usinisemeshe." Alitoka nje, akamkuta amefika barabarani, akamrudisha. Walichozungumza sikijui. Walirudi wote wawili macho mekundu, na mama mkwe akalala kwetu.

Thea, binti yangu wa kwanza, yuko sekondari. Siku moja akinipaka mafuta miguuni aliniuliza, "Mama, na mimi ninazo hizo protini?"

Niliogopa swali hilo kuliko dripu zote. Nikamwambia alivyosema daktari, kwamba protini hizo wanawake wote tunazo, ni za kawaida, zina kazi yake mwilini, ila uvimbe wangu huenda ulizitumia vibaya. Na akiwa mkubwa atakuwa anakwenda kupimwa mapema, mimi mwenyewe nitampeleka. Akaendelea kupaka mafuta. Sijui kama alitulia. Mimi sikutulia.

Na majibu hayakuja. Wazee husema subira huvuta heri, lakini wazee hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi tumbo langu liliamini neno la pili. Kila simu ikilia nilishtuka, kumbe ni wakala wa mbolea. Kuna siku daktari alipiga kusema wamejaribu, hazisomeki vizuri, wanarudia. Hazisomeki. Niliwaza zimejificha kweli, zimekaa huko ndani ya nyama zinanicheka. Niliwaza pia kwamba mama mkwe alikuwa sahihi na sasa naitwa. Niliwaza yote hayo nikiwa nimesimama dukani, nampimia mtu mbegu, natabasamu.

Nikwambie niliyojifunza, uyafanyie kazi. Ukienda kukatwa, kabla hujaingia chumba cha upasuaji, uliza kitakachotolewa kinakwenda wapi, nani atakibeba, na lini kinatakiwa kufika. Mwambie ndugu yako yule atakayekaa mlangoni, hasa kama ni mzee, tena mwambie mwenyewe kwa mdomo wako. Usimwachie nesi, nesi ana wagonjwa wodi nzima. Na usione aibu kuuliza kuhusu protini. Nilidhani ni maneno ya wasomi, kumbe ndiyo yanayoamua utameza nini.

Dripu ziliisha. Joto likarudi, wakulima wakaanza kuulizia mbegu. Nilikuwa na nywele fupi laini kama manyoya ya kifaranga daktari aliponipigia na kusema, "Mama, njoo kliniki." Nikamwambia aniambie kwenye simu. Akasema njoo. Sijui kwa nini wanafanya hivyo. Nilifunga duka mteja akiwa bado ndani, ikabidi nifungue kumtoa.

Benchi lile lile. Osmund alinishika mkono. Tulipoingia, daktari hakunizungusha.

"Wamefanikiwa kuzisoma. Za homoni zipo zote mbili, tena kwa wingi. Ile ya tatu haipo."

Nilimkodolea macho. "Sasa hiyo ni nzuri au mbaya?"

"Ni jibu lenye dawa. Vidonge, kimoja kila siku, kwa miaka. Vinaziba ile njia ya homoni, uvimbe ukitaka kurudi ukose chakula."

"Na kama ile ndoo ingebaki chini?"

"Tungebahatisha. Labda tungepatia."

Osmund aliinamisha kichwa juu ya meza ya daktari akalia kama mtoto, na daktari akamsogezea karatasi za kufutia. Mimi sikulia. Nilitaka kufika Matogoro.

Tulimkuta jikoni. Nilimwamkia, nikamwambia kabla hajanikaribisha, "Mama, wameziona. Dawa ipo." Aliweka mwiko chini. Hakuuliza lolote kuhusu protini. Aliuliza, "Hutaitwa?" Nikamwambia hapana, siyo kwa sasa, kwa sababu siwezi kumdanganya mtu kama yule. Wasiwasi wangu haujaisha na sidhani utaisha, kila kliniki bado naenda nikiogopa.

Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya migomba. Lile shimo lilikuwa bado wazi. Miezi yote ile ya baridi na jua alikuwa hajalifukia. Kingo zilishaanza kubomoka, majani makavu ya migomba yalikuwa yameingia ndani, na pembeni ulikuwepo ule mkeka alionitandikia, umekunjwa. Nikamuuliza kwa nini.

"Nilisema kama kuna wa kuitwa niitwe mimi," alijibu. "Nikaona nisilifunge. Angalau Chapanga ajue mahali pa kunipata."

Alichukua jembe lililoegemea mgomba akaanza kuvuta udongo. Mkono wangu haukuweza jembe, nikavua viatu, nikausukuma udongo kwa miguu kutoka upande wa pili, mpaka tulipokutana katikati.